Gitaa la Kupimiwa: Uzi, Mkono na Mizani katika Ushairi wa Mara

Akitajiwa mizani, msomaji wa ushairi wa pwani huhesabu silabi. Nane kwa nane, kumi na sita kwa mshororo, kina cha kati na kina cha mwisho: hiyo ndiyo kanuni aliyoirithi, na ndiyo aliyoiandika Sheikh Kaluta Amri Abedi katika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, hata kitabu hicho kikawa mwongozo wa kila anayejifunza kutunga. Sikio la msomaji huyo ni sikio zuri, lililolelewa na walimu wazuri. Hata hivyo lina uziwi wake mdogo. Limezoea kudhani kwamba pasipo silabi zilizohesabiwa hapana ushairi, na kwamba ala ni vazi tu ambalo shairi huvishwa likishakamilika. Lakini akitoka Mwanza kuelekea kaskazini kwa barabara ya ziwani, akapita Bunda, akachepuka hadi Butiama, kisha akateremka Musoma, atakuta kwamba dhana hiyo haisafiri naye mbali. Huko upo ushairi ambao mizani yake haikupatikana kwa hesabu ya silabi, bali kwa urefu wa uzi, uzito wa kidole, na kupanda na kushuka kwa sauti ya neno lenyewe.

Juu ya ushairi huo imekuwapo kauli moja inayorudiwa mno, kwamba gitaa la umeme limeliua litungu. Wapo wanaoisema kwa majonzi, wakiutazama ujio wa gitaa kama msiba. Wapo wanaoisema kwa furaha, wakiuita maendeleo. Makundi hayo mawili hugombana, lakini yamekubaliana juu ya jambo moja lisilo la kweli, nalo ni kwamba ala moja imeondoka na nyingine imeshika nafasi yake, kama mpangaji anayehama na mwingine akaingia. Ukweli ni mgumu kuliko hivyo. Mkono wa litungu haukufa, ulihama. Kilichobaki nyuma ni kitu kingine, na kitu hicho huonekana waziwazi zaidi pale fundi anapokaa chini kumtengenezea rafiki yake gitaa la umeme kwa kipimo cha mkono wa rafiki huyo.

Uzi na toni

Litungu, ambalo Wakurya huliita iritungu, ni kinubi cha nyuzi nane. Lina bakuli la mti lililowambwa ngozi, mikono miwili inayopanda kutoka kwenye bakuli, na mti wa kukingama unaoiunganisha mikono hiyo kwa juu. Nyuzi hufungwa chini, hupita juu ya daraja lililokaa kwenye ngozi, kisha huzungushwa kwenye mti wa kukingama. Anayetaka kuukaza uzi huuzungusha, na anayetaka kuulegeza huurudisha. Nyuzi ambazo zamani zilikuwa za kano za mnyama sasa aghalabu ni nailoni, ileile ya wavuvi wa Ziwa Viktoria. Ndugu zake ni nyatiti ya Wajaluo, nayo ya nyuzi nane, na obokano ya Wagusii yenye mvumo mzito. Ng'ambo ya maji, Ukerewe, ambako mtu hufika kwa kivuko kutoka Kisorya wilayani Bunda, na mbele zaidi Kagera, kuna enanga, ambayo si kinubi cha mikono miwili bali ni kama hori la mti lililotandazwa nyuzi juu yake. Ala zote hizi zina jambo moja: hazina sauti iliyopangwa kiwandani. Mpigaji huzikaza nyuzi kwa sauti ya koo lake la siku hiyo.

Hapa ndipo msomaji wa pwani anapohitaji kusimama kidogo. Kikurya, Kizanaki na Kijita, kama lugha nyingi za Kibantu za bara, ni lugha za toni. Umbo lilelile la neno, likipandishwa sauti mahali fulani na kushushwa pengine, huweza kubadilika maana au wakati wa tendo. Kiswahili, kinyume cha jamaa zake hao, kiliipoteza toni kikabaki na mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho. Tofauti hiyo haiishii katika vitabu vya isimu. Lugha isiyo na toni humpa mshairi uhuru mkubwa wa tuni: utenzi mmoja waweza kuimbwa kwa mahadhi ya Lamu au ya Pemba, na maneno yake yasipungukiwe maana. Ndiyo sababu ushairi wa pwani uliweza kuandikwa, kuhesabiwa na kuwekewa sheria mbali na ala yoyote. Mwimbaji wa lugha ya toni hana uhuru huo wote. Kila anapopanda au kushuka hana budi kujadiliana na neno, kwani neno nalo lina kupanda na kushuka kwake. Uzi uliokazwa kwa koo lake ndio unaosimamia majadiliano hayo. Kuuita uzi huo vazi la shairi ni sawa na kuuita uti wa mgongo vazi la mwili.

Ukilitazama jambo hili kwa makini, hata mgogoro mkongwe wa ushairi wa Kiswahili unapata sura nyingine. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa Kichomi mwaka 1974. Mugyabuso Mulokozi, mtu wa Kagera, alitoa Malenga wa Bara pamoja na Kulikoyela Kahigi mwaka 1976. Pwani iliposoma mashairi yasiyo na vina, wengi waliona mkono wa Ulaya, wakasema vijana wa chuo kikuu wameiga wazungu. Kuiga kulikuwapo, na si aibu. Lakini yafaa kuuliza kwa nini uasi huo ulitoka kandokando ya ziwa lilelile. Watu hao walizaliwa katika jamii zilizokuwa na ushairi mpana, wa kishujaa na wa kuliwaza, usiojua kina cha kati wala cha mwisho, na ambao haukuwahi kuonekana umepungukiwa. Mulokozi mwenyewe aliandika tasnifu yake ya uzamivu ya mwaka 1986 juu ya tendi za nanga za Wahaya. Huenda, basi, sehemu ya kile kilichoitwa ugeni katika ushairi wa miaka ya sabini kilikuwa ni ukongwe wa upande mwingine wa nchi, uliofika pwani bila ala yake na kwa hiyo ukaonekana uchi.

Mkono uliohama

Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, katika eneo ambalo leo ni la mkoa wa Mara. Alivuka mpaka, akafanya kazi yake kubwa Kenya, na kwa miongo kadhaa bendi yake ya Shirati Jazz ilibeba jina la kwao katika sahani za santuri. Alifariki mwaka 2006 kwa ajali ya barabarani Kisumu. Alikuwa mmoja wa waasisi wakubwa wa benga, na kwa msomaji wa ushairi alikuwa pia fundi wa mafumbo: tungo zake za wanyama na za visa vya Biblia zilimfikisha mara kadhaa mikononi mwa polisi, jambo ambalo halimpati mtunzi ambaye maneno yake hayaeleweki.

Anayeisikiliza benga kwa sikio la vinubi vya ziwani hawezi kukosa kuutambua mkono. Gitaa la besi halikai nyuma likitunza hesabu. Linarukaruka kama kidole gumba kwenye nyuzi nzito za nyatiti. Gitaa la solo halipambi sentensi ya mwimbaji, bali humngoja amalize, humjibu, na wakati mwingine humbishia. Kisha maneno hunyamaza na magitaa hubaki yakisemezana kwa kasi, kama ambavyo mpiga kinubi huufunga mdomo na kuuachia mkono uendelee na hoja. Muundo huo wa kauli na jibu ni muundo wa kishairi. Haukuletwa na sanduku la gitaa kutoka ng'ambo. Ulikuwapo kandokando ya ziwa kabla ya umeme kufika, na gitaa lilipofika likapewa kazi ambayo tayari ilikuwa na mwenyewe.

Kwa hiyo wenye majonzi wamekosea, na wenye furaha wamekosea pia, maana hapakuwa na ukale ulioshindwa. Hata hivyo kuhama kwa mkono hakukuwa bure. Mkono ulihama ukaingia katika ala ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake. Litungu aghalabu huchongwa na mpigaji mwenyewe au na fundi anayemjua kwa sura, kwa sauti na kwa urefu wa vidole. Gitaa la dukani lilipimwa kwa mtu ambaye hayupo, mtu wa wastani wa takwimu, anayedhaniwa kutaka kila kitu kwa kiasi. Mkono wa ziwani ulilazimika kujipinda ili ukae ndani ya kipimo hicho, na wakongwe wa benga waliujipindisha kwa ustadi wa ajabu. Swali ambalo uhakiki haujaliuliza vya kutosha ni hili: ingekuwaje kama kingepindishwa kipimo badala ya mkono?

Fundi na rafiki yake

Kutengeneza gitaa la umeme si siri ya viwanda. Ni useremala wa makini uliokutana na umeme mdogo. Urefu wa uzi kati ya daraja na kizuizi cha juu ndio msingi wa kila kitu: magitaa ya Fender kwa kawaida hutumia milimita 648, na ya Gibson kama milimita 628. Juu ya shingo hupachikwa vijichuma viitwavyo freti, na mahali pa kila kimoja hupatikana kwa hesabu: urefu uliobaki hugawanywa kwa 17.817, na matokeo yake ndiyo umbali wa freti inayofuata. Kwa uzi wa milimita 650, freti ya kwanza itakaa kiasi cha milimita 36 na nusu kutoka juu, na ya 12 itakaa katikati kabisa, milimita 325. Kosa la nusu milimita husikika. Chini ya nyuzi huwekwa sumaku zilizozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya wa shaba mwembamba kuliko unywele. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku huzaa umeme kidogo ndani ya waya huo, na amplifaya hufanya yaliyosalia. Mbao nzuri hazihitaji kuagizwa mbali. Mninga hufaa kwa kiwiliwili na hata kwa shingo, na mpingo, ambao Ulaya huutumia kwa klarineti, ni mti mgumu wa kutosha kubeba freti kwa miaka mingi.

Hayo yote yamo katika vitabu vya ufundi. Yasiyomo ni yale ambayo fundi huyapata kwa kumtazama rafiki. Aliyekulia kwenye litungu hukwanyua kwa vidole vitupu, si kwa kipande cha plastiki. Basi nyuzi ziachane zaidi kuliko zilivyozoea kuachana, ili vidole visikanyagane. Hupenda uzi wa chini uwe mzito na uongoze; basi sumaku ya upande huo isogezwe karibu. Hupenda uzi uvume, usilie kwa sauti safi iliyokaukiwa. Basi daraja lichongwe uso mpana, ili uzi uliguseguse unapotikisika. Hupiga akiwa ameketi. Basi kiwiliwili kikatwe kwa kutazama paja lake, si kwa kutazama picha za wapiga gitaa wanaorukaruka jukwaani. Kila uamuzi wa namna hii ni usomaji. Fundi amemsoma rafiki yake kama mhakiki anavyosoma matini, akatenga mazoea na makosa, akajua lipi ni udhaifu wa kusaidiwa na lipi ni mtindo wa kuheshimiwa.

Kuna mahali ambapo fundi hana budi kuamua jambo zito zaidi. Freti hugawa sauti katika sehemu 12 zilizo sawasawa. Litungu halikugawa hivyo. Nyuzi zake hukazwa kwa sikio, na hatua kati ya uzi na uzi haiko sawa na ile ya piano. Rafiki akitaka kupiga na wenzake wenye kinanda, freti za kawaida zitamsaidia. Akitaka kuimba kwa lugha ya mama yake, freti hizohizo zitamsukuma kila mara mbali kidogo na mahali ambapo sauti yake ingependa kukaa. Yupo fundi atakayeiacha shingo bila freti. Yupo atakayeweka freti chache. Yupo atakayeweka zote akamwambia rafiki auvute uzi kwa kidole hadi ufike anapotaka. Hakuna jibu moja. Lakini anayejua kwamba hapo pana swali tayari ni fundi wa aina nyingine.

Mshairi wa pwani analijua swali hilo kwa jina lingine. Mizani ya nane kwa nane ni freti za Kiswahili. Zimewekwa mahali palipopimwa na waliotangulia, zinamwezesha yeyote kushiriki, na wakati mwingine zinalisukuma neno mbali kidogo na mahali ambapo lingependa kukaa. Inkisari na mazida ni uzi uliovutwa kwa kidole.

Wala ufundi wa kumpimia rafiki si ndoto ya washairi. Katika miaka ya 1980 Michael Brook, mwanamuziki wa Kanada, alibuni gitaa la umeme ambalo uzi wake haukomi kulia: mtikisiko hunaswa, hukuzwa, kisha hurudishwa kwa koili nyingine inayousukuma uzi tena. Hapo mwanzo yalitengenezwa matatu tu. Moja alibaki nalo mwenyewe. Mawili yalikwenda kwa marafiki wa kazi, Daniel Lanois na The Edge wa kundi la U2. Sauti ndefu isiyopumua inayosikika katika wimbo wao wa With or Without You wa mwaka 1987 ilitoka kwenye moja ya hayo. Dunia nzima ikasikia ala iliyokuwa imetengenezwa kwa ajili ya watu watatu.

Kisha kikatokea kisa kinachoifikisha habari hii hadi Butiama. Brook huyohuyo alikuja kufanya kazi na Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, wakatoa pamoja albamu ya Assembly mwanzoni mwa miaka ya 2000. Zawose, aliyefariki mwishoni mwa mwaka 2003, alikuwa bingwa wa ilimba na zeze. Sauti ndefu ambayo Brook aliitafuta kwa koili na sumaku, upinde wa zeze huitoa kwa kukwaruza tu. Na aliyemwita Zawose Dar es Salaam katika miaka ya mwanzo ya uhuru, na kumfungulia njia iliyompeleka kwenye kikundi cha taifa na hatimaye Bagamoyo, ni Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Mzanaki wa Butiama.

Shingo mpya ya Shakespeare

Nyerere mwenyewe anastahili kutazamwa hapa kama fundi. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, na Kiswahili hakikuwa lugha ya kwao bali lugha aliyoiendea. Mwaka 1963, akiwa rais, alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Julius Caezar. Hakuridhika nayo. Mwaka 1969 akaitoa upya ikiitwa Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo akatoa Mabepari wa Venisi. Tofauti ya majina mawili ya kitabu cha kwanza yatosha kuonyesha kazi iliyofanyika. Jina la 1963 ni jina la kigeni lililobandikwa kwenye jalada la Kiswahili. Jina la 1969 limekatwa upya kwa kipimo cha mdomo wa Mswahili. Kila konsonanti imepewa irabu ya kukalia.

Mshororo wa Shakespeare umejengwa kwa mkazo wa Kiingereza. Kiswahili hakina mkazo wa namna hiyo wa kuchezea, maana mkazo wake unajulikana utakapokaa. Nyerere angeweza kuitia tamthilia nzima katika vina, nayo ingeimbika lakini isingesemeka jukwaani. Badala yake aliiacha mishororo bila vina, zaidi ya miaka kumi kabla ya Kichomi kuzua mjadala. Si kwamba hakujua kanuni za pwani, kwani mwaka 1996 alichapisha Injili zikiwa katika utenzi, umbo la pwani lililo kongwe kuliko mengi. Alijua ni mwili upi unahitaji shingo ipi. Uamuzi wa kuweka vina katika Injili, zitakazosikilizwa na kukaririwa na waumini, na kuviacha katika tamthilia, itakayosemwa na waigizaji, ni uamuzi wa fundi anayemfahamu atakayeishika kazi yake. Huo ndio ukosoaji uliotangulia maandishi, na hauonekani kwa anayehesabu silabi peke yake.

Pingamizi

Yapo mapingamizi matatu yasiyofaa kupuuzwa.

La kwanza ni kwamba mabingwa walitumia magitaa ya dukani na wakatoa kazi zisizo na mfano. Kwa hiyo kipimo ni anasa. Ni kweli kwamba mkono mkubwa hushinda ala mbaya. Lakini hoja hiyo huwahesabu walioshinda tu. Haiwataji waliokuwa na mkono wa kinubi, wakashika shingo isiyowakubali, wakaiacha. Na hao hawakuacha sahani ya santuri ya kuwatetea.

La pili ni kwamba, badala ya kulipinda gitaa, litungu lenyewe litiwe umeme. Wahabeshi wamefanya hivyo kwa krar, na imewafaa. Hapa ufundi una neno lake: sumaku haisikii ila chuma. Uzi wa nailoni unaweza kutikisika juu yake usiku kucha na amplifaya isitoe kitu. Litungu la umeme huhitaji ama nyuzi za chuma, zenye mvuto ambao mikono na ngozi yake havikutayarishwa kuubeba, ama kidude kingine cha kunasa mtikisiko kinachobandikwa kwenye mbao au ngozi, ambacho hunasa pia mkwaruzo wa nguo na kishindo cha mguu. Njia hii ni nzuri na ifuatwe na wanaoweza. Lakini isichukuliwe kuwa ndiyo njia safi na ile ya gitaa kuwa ya usaliti. Zote mbili ni za kupatana na kitu kigeni, na zote mbili zataka fundi anayejua anachopoteza.

La tatu ndilo zito. Ala iliyopimwa kwa mtu mmoja hufa naye. Gitaa la dukani huuzwa, hurithiwa, huazimwa. La rafiki litamfaa nani akiondoka? Jibu la pingamizi hili liko Mombasa. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, alitunga sehemu kubwa ya mashairi yake kwa ajili ya watu na visa vya mji wake: rafiki, hasimu, jambo lililotokea siku hiyo. Hakuwatungia wasomaji wa karne mbili mbele. Waliotungiwa wamekufa wote, na mashairi yamebaki. Yamebaki kwa sababu yalikaa sawasawa kwa mtu wa kweli, na msomaji wa leo huiona sura ya mtu huyo katika mkato wa mshororo, kama ambavyo anayeshika gitaa la marehemu huuhisi mkono uliokuwa ukilishika.

Isisahauliwe kwamba visiwa navyo vina ushahidi wao. Kidumbak ya Unguja ilijipatia besi yake kwa sanduku la majani ya chai, fimbo na uzi mmoja, na hakuna fidla wala udi uliowahi kuliona sanduku hilo kuwa aibu katika ngoma ile. Tanga, katika miaka ya 1960 na 1970, vikundi vya Black Star na Lucky Star viliingiza gitaa la umeme katika taarabu, wakalaumiwa na waliodhani kwamba udi umezikwa. Udi haukuzikwa, na mashairi yaliyotungwa kwa magitaa yale yaliingia katika hazina ya pwani. Anayeyakubali hayo kwa Unguja na Tanga hana hoja ya kuyakataa kwa Musoma.

Kinachodaiwa hapa na uhakiki, basi, ni jambo lililo wazi. Wimbo wa gitaa kutoka Mara usipimwe kwa kuuliza kama maneno yake yangetosha kuandikwa peke yao kwenye karatasi, kwani hilo ni swali la pwani lililoulizwa mahali pasipo pake. Usipimwe pia kwa kuuliza kama ala yake ni ya asili, kwani mkono una asili kuliko ubao. Uulizwe kama uzi unamjibu mwimbaji au unamfuata tu. Kama neno limeachiwa kupanda na kushuka kwake au limesukumwa na freti. Kama kuna mtu wa kweli ambaye kazi hiyo ilipimwa kwake, hata kama jina lake halikutajwa. Wimbo unaoshindwa katika maswali hayo ni mbovu, hata ukipigwa kwa litungu la ngozi mbele ya watalii. Unaoshinda ni ushairi, hata ukipigwa kwa waya, sumaku na ubao wa mninga katika ukumbi wa Bunda wenye umeme wa kukatikakatika.

Na kwa fundi anayepiga randa shingo ya gitaa kwa ajili ya rafiki, uhakiki hauna la kumfundisha ila kumkumbusha kwamba kazi yake si ya pembeni. Anapouchukua mkono wa rafiki, akaupima kwa kamba kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho, akaandika tarakimu ukutani kwa chaki, tayari mshororo wa kwanza umekwisha kutungwa. Uliobaki ni kazi ya mwenye mkono.